Shangazi anauliza: mtoto wa mdogo wangu ana selimundu, niwasaidie vipi wazazi wake?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anaishi Kibaigwa na mke wake na watoto wao wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 4. Huyu wa kiume ana siko seli (selimundu), iligundulika akiwa na mwaka mmoja baada ya vidole kuvimba. Mwaka jana amelazwa mara tatu. Mimi niko Dodoma mjini, nina kazi, na kila mwezi natuma hela kidogo pamoja na dawa ya maji ya kuongeza damu. Mama yetu anasema ugonjwa kauleta wifi kwa sababu kwetu haupo, na sasa anamshawishi mdogo wangu aoe mwanamke mwingine. Anasema pia vidonge alivyoandikiwa mtoto ni vya kansa, vitamharibu. Nikimpigia wifi anajibu “tunaendelea vizuri” halafu anakata. Binti mkubwa anaachwa kwa majirani kila mdogo wake akilazwa, na shuleni ameshuka. Nimewaza nimchukue mtoto nikae naye mjini karibu na hospitali kubwa. Nimesikia pia kwamba hapa Dodoma wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na mtu anapona. Niambie ukweli, nifanye nini? Nimechoka kuwa mtu wa kutuma hela tu.

JIBU: Dada yangu, umeuliza mengi, lakini naona yote yanatoka sehemu moja: nyumba ya mdogo wako inalegea taratibu kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, na hujui ushike wapi. Nitaanza na maneno ya mama yenu. Hayo yasipotulia, dawa na hela zitafanya nusu ya kazi.

Mama peke yake hawezi kumrithisha mtoto selimundu. Kila mtoto hupokea kinasaba kimoja cha himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, na huyu mtoto amepokea chenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Maana yake mdogo wako naye anacho, sawasawa na mke wake, ingawa wote ni wazima na wanafanya kazi zao bila shida. Na mdogo wako alikipata kwa mmoja wa wazazi wenu. Inaweza kuwa kwa baba, inaweza kuwa kwa huyo huyo mama anayemnyooshea wifi kidole. Hata wewe unaweza kuwa nacho. Mnaposema “kwetu haupo” mnasema kweli kwa kadiri ya macho yenu, lakini kinasaba hiki hupita vizazi na vizazi kimya, mpaka siku wawili wenye nacho waoane. Tena zamani watoto wengi walifariki kabla ya kupimwa, ikasemwa ni homa, au ameishiwa damu, au amerogwa.

Kuna jambo moja ambalo nimeona likiwatuliza wazee. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake hapa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hiki kimebaki kwa watu wetu: kiliwavusha babu na bibi zetu utotoni. Hakuna aliyekileta, na hakuna ukoo wa kuonea aibu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka.

Kuhusu kuoa mwanamke mwingine, hesabu yenyewe inajibu. Mdogo wako atakwenda na kinasaba chake. Akikutana na mwanamke mwenye nacho, hali ni ile ile: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mtoto mzima anayebeba kinasaba, na moja kati ya nne ya mtoto asiye nacho kabisa. Nasema kila mimba, kwa sababu wapo wanaodhani akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamepona. Sivyo. Hesabu inaanza upya kila mara. Na huyu wa miaka minne atabaki pale pale akihitaji baba.

Wewe ni shangazi. Katika koo zetu nyingi neno la shangazi lina uzito kikaoni, na wifi yako hawezi kujitetea mbele ya mkwe kama wewe unavyoweza kumtetea. Usibishane na mama kwenye simu. Mwombe mdogo wako aende kliniki na mke wake siku ya tarehe yao, na mama naye akikubali mwende wote. Wanaume wengi hawajawahi kumsikia daktari kwa masikio yao. Hupewa habari nyumbani na mke aliyechoka, na mkwe anaongeza zake. Siku baba anapokaa kwenye kiti kile na kusikia kwamba kinasaba ni cha wote wawili, maneno mengi ya nyumbani huishia hapo.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana ukiuelewa utajua msaada wako uelekee wapi. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa ni laini, zinapenya kwenye mishipa myembamba kuliko unywele na huishi siku 120 hivi. Za mtoto huyu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yake iko chini siku zote. Zikikosa oksijeni, maji au joto la kutosha mwilini, hukakamaa na kupinda, zikakwama kwenye mishipa kama kuni zilizoziba mfereji. Sehemu ambayo damu haifiki inauma, na maumivu hayo ni makali kweli. Mtoto akilia usiku kucha hadeki. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja vijidudu, nayo huharibika mapema, hivyo vijidudu ambavyo mtoto mwingine angepambana navyo kwa wiki vinaweza kumuua huyu kwa siku moja.

Hapo naomba tuongee kuhusu dawa ya maji unayotuma. Umeituma kwa upendo, lakini naomba uisimamishe mpaka daktari wake aione. Soma lebo. Ikiwa ina madini ya chuma, mara nyingi wanaandika “iron” au “ferrous”, haimfai bila kupimwa. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma, inapungua kwa sababu chembe zinavunjika haraka, na zikivunjika chuma chake kinabaki mwilini. Kila anapoongezewa damu hospitali anapata kingine. Kikizidi kinajikusanya kwenye ini na moyo. Anachohitaji kila siku ni foliki asidi, vidonge vidogo vya bei nafuu, kwa kipimo cha kliniki yake. Juisi ya rozela, ubuyu, mlenda, maharage, samaki, vyote ni chakula kizuri na ale, ila visichukue nafasi ya dawa.

Vile vidonge vya “kansa” bila shaka ni haidroksiyurea. Mama hakukosea kabisa, ni kweli dawa hii inatumika pia kwa baadhi ya saratani za damu, kwa vipimo na malengo tofauti. Kwa selimundu inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ile aliyozaliwa nayo. Hiyo ndiyo iliyomlinda miezi ya mwanzo. Wengi huanza kuumwa baada ya miezi mitano au sita, inapopungua. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo pia. Hawa ni watoto wa mazingira kama yetu. Ina masharti yake: inamezwa kila siku hata mtoto akiwa mzima anacheza, inachukua miezi kabla hamjaona tofauti, na damu lazima ipimwe kwa ratiba kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Hatari niionayo mara nyingi ni kumezwa wiki mbili, kuachwa tatu, kwa kuwa imeisha na hakuna hela ya kununua nyingine.

Hapo ndipo mkono wako unapohitajika, dada. Mtoto akilazwa watu hujaa wodini na chungwa na pole. Akitoka, wote wanaondoka, na wazazi wanabaki na miezi ya kawaida ambayo ndiyo inayoamua kama atalazwa tena. Badala ya kutuma hela isiyo na jina, chukua kazi moja na iwe yako. Kwa mfano haidroksiyurea: wewe uko mjini kwenye famasia nyingi, jua tarehe inapoisha, uipeleke kwenye basi la Kibaigwa wiki moja kabla, kwa cheti cha daktari na kipimo kile kile. Mwaka mzima bila kukatika. Utakuwa umemsaidia mtoto kuliko fedha nyingi zinazokuja mara moja akiwa kwenye dripu.

Kama unaweza kubeba la pili, liwe nauli ya usiku. Fikiria saa nane usiku, mtoto anachemka, mama anamgusa na hana uhakika. Baba anahesabu kilichopo mfukoni, wanasema tusubiri kukuche. Huko kusubiri ndiko kunakotuletea watoto waliochelewa. Wanunulie kipimajoto cha kidijitali na umwonyeshe wifi kukitumia kwapani. Weka fedha kwenye simu yake ambayo haiguswi kwa jambo lingine, na mkubaliane mapema na mtu mmoja mwenye bajaji au gari atakayeamka akipigiwa. Ikisoma 38 au zaidi, hawajadili, wanaondoka. Waanze na kituo cha afya kilicho karibu na waseme neno la kwanza mlangoni: mtoto huyu ana siko seli.

Maji na baridi ni mambo ya nyumbani ambayo Dodoma yetu haisamehe. Mtoto wa kilo 15 anahitaji takribani lita moja na robo ya vinywaji kwa siku, na zaidi kwenye jua la Oktoba. Ni chupa mbili na nusu za nusu lita, awe nazo machoni, siyo mpaka aombe. Kiangazi dumu la maji likipanda bei, familia hubana hata maji ya kunywa. Dumu chache za ziada ni dawa. Juni na Julai ule upepo wa asubuhi unaanzisha maumivu kwa wengi: soksi, sweta, maji ya kuoga ya vuguvugu, akaushwe haraka. Chandarua kila usiku. Na nikudokeze la aibu ndogo: watoto hawa hukojoa sana usiku, hata wakiwa wakubwa, kwa sababu figo zao zinashindwa kubana maji. Wengi wanachapwa kwa hilo, na wengine wananyimwa maji jioni ili wasikojoe, wakaamka na maumivu. Mpelekee wifi mpira wa kufunika godoro na shuka mbili za ziada. Ataelewa kwamba umeelewa.

Nije kwa wifi. “Tunaendelea vizuri” ni jibu la mtu aliyeulizwa “mnaendeleaje” na watu wengi ambao hawakuweza kufanya chochote na jibu lake, na pengine mmoja wao alilipeleka kwa mkwe. Usimuulize swali la jumla. Mwambie jambo moja lenye siku: “Wifi, Jumamosi nakuja. Nitalala na watoto, wewe ulale mpaka uamke mwenyewe.” Akilazwa mtoto, omba zamu ya usiku mmoja wodini. Mama aliyekaa siku nne akishiriki kitanda na mtoto mwenye dripu, akila kwenye kifuniko cha hotipoti, hana nguvu ya kusikiliza maelekezo ya daktari. Unapokuwa naye usimkosoe malezi, wala usimwambie mtoto wa fulani alipona kwa dawa ya fulani. Sala ni zake na aziombe. Chale, kumpiga mtoto bomba la mitishamba au kusimamisha vidonge, hapana. Na umsifu mbele ya mama yenu, kwa jambo la kweli uliloliona.

Ukiona wifi hapati usingizi hata mtoto akiwa salama, hataki kula, haogi, analia bila kuacha, au akasema maneno kama “heri ningekufa” au “heri sote tupumzike”, hilo ni ugonjwa nao unatibika. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Kumchukua mtoto? Naelewa kwa nini umewaza hivyo, na ukaribu na hospitali una thamani. Lakini kwa umri wa miaka minne ningekushauri usifanye. Mama yake ndiye anayekijua kilio cha maumivu na kilio cha njaa, ndiye aliyefundishwa kupapasa tumbo upande wa kushoto kuona kama bandama imevimba. Ukimtoa pale, mama mkwe ataweza kusema hata kulea ameshindwa. Nyumba yako iwe kituo: walale kwako usiku wa kuamkia kliniki, wapumzike kwako siku mbili akiruhusiwa, wasirudi na basi la mchana wa jua. Nitabadili ushauri kama atahitaji kuongezewa damu kila mwezi, kwa mfano kwa hatari ya kiharusi. Hapo kuhamia mjini kuna maana, ila mama na mtoto waje pamoja, na mdogo wako akubali kwa moyo.

Yule binti wa miaka 9 nina wasiwasi naye kuliko unavyodhani. Watoto wa umri wake huamini kwamba waliombea mdogo wao vibaya siku waliyogombana, ndiyo maana anaumwa. Kaa naye peke yake. Mwambie kwa maneno mafupi kwamba ugonjwa hauambukizi, hakuufanya yeye, na kwamba anaruhusiwa kuchoka na kukasirika. Mfanyie lililo lake: umpigie simu yeye, ujue jina la mwalimu wake, aje kwako likizo kwa kutembea, na ajue tarehe ya kurudi ili asione amefukuzwa. Mdogo wake akilazwa awe na nyumba moja ile ile ya kwenda, yenye sare na daftari zake. Na apimwe naye, maana hata kama ni mzima ni vizuri akijua hali yake kabla ya kuwa mkubwa.

Kuhusu uloto, umesikia kweli. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na kwa wanaofanikiwa ugonjwa unaondoka. Lakini si tiba ya kila mtoto. Kwa kawaida anahitajika ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vinasaba vyake vya kinga vinafanana kabisa na vya mgonjwa, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne. Mtoto hupewa dawa kali za kuondoa uloto wake, anakaa miezi akiwa hana kinga, kuna hatari ya uloto mpya kuushambulia mwili, na dawa hizo zinaweza kuathiri uzazi wake baadaye. Ulizeni kliniki yake kama anafaa. Naomba sana msimwambie binti kwamba yeye ndiye atakayemponya mdogo wake kabla ya vipimo. Akikutwa hafanani atajihukumu.

Wakati mnafikiria hayo, kuna dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja tarehe, na ningependa uziandike kwa mkono wako, mzibandike ukutani Kibaigwa: homa, kupauka ghafla au tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida au kifua kuuma, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kuongea ovyo, degedege, maumivu yasiyopungua kwa dawa ya nyumbani, na kwa kuwa ni wa kiume, uume kusimama kwa maumivu saa mbili au zaidi. Hii ya mwisho wazazi wanaificha kwa aibu, na ni dharura kama hizo nyingine.

Kwa gharama, mkifika hospitali ya serikali muulizieni ofisa ustawi wa jamii kabla ya kukopa. Kazi yake ni pamoja na kupitia maombi ya msamaha wa malipo, na kwa watoto chini ya miaka mitano sera inawatambua. Nendeni na kitabu cha kliniki na barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Mkiweza, fanyeni hilo kabla hajatimiza miaka mitano, na siku hiyo hiyo mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga ya penisilini, chanjo zilizobaki, na ile chupa uliyokuwa ukituma. Ibebeni.